Nyota Aliyechuja: Uanze na Sunset Boulevard au What Ever Happened to Baby Jane?

Waliokulia kwenye kibanda umiza, ambako steringi hafi, hupata mshtuko kabla hawajakaa vizuri. Sunset Boulevard inafungua na steringi akielea kifudifudi kwenye bwawa la kuogelea, kafa, na sauti inayotusimulia ilikuwaje ni yake mwenyewe. Wapo wanaoizima hapo hapo: mwisho nimeshaujua, nikae dakika 110 nikisubiri nini? Wengine husema hapo ndipo ilipowanasa. Filamu hii ya mwaka 1950 imegawanya watazamaji tangu zamani, na ukiyachunguza maoni yao utaona wanabishana kuhusu jambo moja tu: kila mmoja alikuja kutafuta nini.

Mtu akiomba filamu ya nyota aliyechuja, mara nyingi hutajiwa mbili. Moja ni hiyo, nyingine ni What Ever Happened to Baby Jane? ya mwaka 1962. Zote ni nyeusi na nyeupe. Zote zinajifungia ndani ya nyumba ya Los Angeles iliyobaki nyuma ya wakati wake, pamoja na mwanamke aliyewahi kushangiliwa na sasa hatajwi tena. Kwa maelezo zinafanana kama mapacha. Kwa kuangalia, ukiingia kwenye moja ukitarajia nyingine, utatoka umenuna.

| | Sunset Boulevard | What Ever Happened to Baby Jane? |
|---|---|---|
| Mwaka | 1950 | 1962 |
| Mwongozaji | Billy Wilder | Robert Aldrich |
| Waigizaji | Gloria Swanson, William Holden, Erich von Stroheim, Nancy Olson | Bette Davis, Joan Crawford, Victor Buono, Maidie Norman |
| Urefu | dakika 110 | dakika 134 |
| Umbo la picha | karibu na mraba | pana |
| Oscar | iliteuliwa mara 11, ikapata 3 | iliteuliwa mara 5, ikapata 1 |
| Ladha | kejeli inayogeuka msiba | vitisho vya ndani ya nyumba |

Kisa chenyewe

Joe Gillis ni mwandishi wa skripti asiye na kazi. Anahitaji dola 290 haraka, la sivyo gari lake litachukuliwa. Wadai wanamkimbiza barabarani, tairi linapasuka, naye anakata kona kwenye njia ya jumba analodhani limehamwa. Ndani yumo Norma Desmond, malkia wa enzi za filamu bubu, pamoja na mtumishi wake Max. Norma amefiwa na sokwe wake wa kufuga, na anamdhania Joe kuwa ndiye fundi aliyeleta jeneza. Akigundua kwamba kijana ni mwandishi, anamtolea lundo la kurasa alizoandika mwenyewe kuhusu Salome, filamu ambayo anaamini itamrudisha kileleni. Joe anakubali kuirekebisha kwa dola 500 kwa wiki. Analala chumba cha juu ya gereji. Baadaye paa linavuja, anahamishiwa nyumba kubwa. Kuanzia hapo, kwa lugha ya mtaani, Joe ni mario, mwanamume anayelelewa na mwanamke.

Baby Jane ni ya ndugu wawili. Mwaka 1917 Jane Hudson ni mtoto anayejaza kumbi kwa kuimba na kucheza, huku dada yake Blanche akitazama kando ya jukwaa. Ifikapo 1935 mambo yamegeuka: Blanche ndiye nyota wa filamu, na Jane anapewa kazi kwa sababu tu mkataba wa Blanche unailazimisha studio. Usiku mmoja gari linagonga kwenye geti la nyumba yao. Filamu inaruka miaka mingi. Blanche yuko kwenye kiti cha magurudumu ghorofani, Jane yuko chini na chupa ya pombe, na anayemtunza mwenzake ndiye anayemtesa.

Sunset imeshakupa mwisho wake tangu picha ya kwanza, hivyo kumsimulia rafiki hakuiharibu. Baby Jane ina siri inayofichuka dakika za mwisho kabisa, nayo inageuza maana ya yote yaliyotangulia. Aliyekwisha kuiona asikae karibu na wewe.

Unacheka au unaogopa?

Lalamiko linalojirudia kuhusu Sunset Boulevard ni kwamba mtu hajui acheke au ahuzunike. Mazishi ya sokwe usiku, kwa mishumaa na jeneza jeupe, ni kichekesho au ni ugonjwa wa akili? Ni vyote viwili, na kwa makusudi. Kuna ushahidi wa jinsi Wilder alivyolipima jambo hilo. Toleo la kwanza lilianzia chumba cha kuhifadhia maiti, maiti zikipiga soga kuhusu jinsi kila moja ilivyokufa. Lilipoonyeshwa kwa majaribio huko Evanston, Illinois, watu waliangua kicheko, na filamu haikuinuka tena baada ya hapo. Mwanzo wote ukakatwa. Bwawa la kuogelea ndilo lililochukua nafasi: maiti ileile inasimulia, ila sasa inasimulia peke yake na kwa sauti ya chini. Picha ile ya kumtazama Joe kutoka chini ya maji ilipigwa kwa kutumia kioo kilichowekwa sakafuni mwa bwawa, na bado watu huiuliza ilifanyikaje.

Baada ya funzo hilo, kicheko kimegawiwa kwa kipimo. Sehemu ya kwanza unamcheka Norma waziwazi: nguo zake, miwani yake ya giza, karata zake na wageni watatu waliokauka ambao Joe anawaita sanamu za nta. Halafu filamu inakudai kicheko chako kirudi, na mahali inapokudai ni studio ya Paramount.

Eneo hilo linafaa kuangaliwa mara mbili, kwa kuwa ndilo linaloamua kama utaipenda filamu au la. Norma amepigiwa simu na studio. Anaamini mwongozaji Cecil B. DeMille anaitaka Salome. Anakwenda kwa gari lake la kale la Isotta Fraschini, Max akiwa kwenye usukani (Erich von Stroheim, anayemcheza Max, hakujua kuendesha, gari lilivutwa). DeMille anaigizwa na DeMille mwenyewe, kwenye seti ya filamu yake Samson and Delilah, na anamkalisha Norma kwenye kiti cha mwongozaji. Maikrofoni iliyofungwa kwenye mkono wake mrefu inapita juu na kupapasa unyoya wa kofia yake. Norma anaisukuma kando kama anayefukuza nzi. Hakuna anayetamka kitu, ila hicho ndicho chombo kilichomuua kisanii: filamu zilipoanza kusema, yeye akasahauliwa. Kisha fundi wa taa mzee aliye huko juu anamtambua, anamuita, anamgeuzia mwanga. Watu wanasimama. Wakongwe wanamsogelea, wanamgusa mikono. Halafu DeMille anaagiza taa irudishwe ilikokuwa, na watu wanatawanyika. Nje, Max anaambiwa sababu ya ile simu: studio ilitaka kukodi gari. Hakuna anayethubutu kumwambia Norma. Aliyekuwa akicheka tangu mwanzo huwa hapo kanyamaza.

Baby Jane haina huruma ya namna hiyo, au tuseme inaitoa kwa kijiko. Eneo lake la kulinganisha ni pale Jane, mwanamke mzima, anapoimba wimbo wake wa utotoni wa barua kwa baba, akicheza mbele ya kioo kwa madaha ya mtoto, mpaka mwanga unapomwonyesha uso wake halisi. Aldrich haondoi kamera. Bette Davis alijipaka vipodozi vile mwenyewe: poda nyeupe tabaka juu ya tabaka, kama ya mtu anayejipodoa kila siku bila kunawa ya jana. Kumbi zenye watu wengi hucheka hapa kwa sauti, na filamu haiwadai kitu. Kama kuna huruma, anaileta Davis mwenyewe kwa macho.

Kwa hiyo anayetafuta kuogopa, kurukaruka kwenye kiti na kupiga kelele na wenzake, jibu ni Baby Jane bila kusita. Anayeiangalia Sunset kwa lengo hilo atasema imezubaa, na kwa lengo hilo atakuwa sahihi.

"Anaigiza kupita kiasi"

Hili husemwa kuhusu Swanson na kuhusu Davis vilevile, lakini si kosa moja.

Norma Desmond ni mwigizaji wa filamu bubu. Kazi yake yote ilifanywa kwa macho, shingo na vidole, kwa vile sauti haikuwapo. Swanson, aliyezaliwa mwaka 1899, alikuwa nyota wa kweli wa enzi hiyo, na DeMille alimwongoza kweli. Anapokodoa macho na kukunja vidole kama makucha, anaigiza mtu ambaye hakuwahi kuambiwa aache. Ukitaka kujua kama ni mbwembwe au ni ufundi, mtazame anapomwigiza Charlie Chaplin kwa kofia na fimbo ili kumchangamsha Joe: mwili ule unakuwa mwepesi, mahesabu yote yamekaa. Au msikilize anapompigia simu usiku Betty, msichana anayeandika skripti na Joe. Sauti iko chini, hakuna kidole kinachokunjwa. Anajua kupunguza. Norma ndiye asiyejua.

Davis anafanya kinyume. Jane ni mtoto aliyelelewa na makofi ya jukwaani, kwa hiyo kila anachofanya kinarushwa mpaka viti vya nyuma. Crawford, kwenye kiti cha magurudumu, anafanya kazi ngumu zaidi na anasifiwa kidogo zaidi: hana miguu, hana kelele, ana uso na mikono tu. Davis aliteuliwa kuwania Oscar, Crawford hakuteuliwa. Ukiangalia mara ya pili, mwangalie Crawford.

Kuna lalamiko jingine la siku hizi, kwamba Norma ana miaka 50 tu na anachukuliwa kama ajuza. Ni hoja ya haki, ila inalenga pasipo. Swanson mwenyewe alikuwa na miaka 50 na anaonekana vizuri tu. Hilo lisingefichika, na Wilder hakulificha. Filamu haisemi amezeeka. Inasema kazi yake ilimkataa mapema, na kwamba Norma anajitesa kwa kutaka kurudi kwenye miaka 25. Yale mateso ya urembo kabla ya kazi ambayo haipo, mitambo ya mvuke na mikanda ya usoni, yanamhusu yeyote anayeishi kwa sura yake.

Filamu za zamani ndani ya filamu

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mtamu, na ndipo watazamaji wengi hupitwa kwa kutojua wanachokiona.

Katika Sunset, Norma anamwonyesha Joe filamu yake ya ujana sebuleni, Max akiendesha projekta. Kipande kile ni cha kweli. Ni Queen Kelly, ambayo Swanson aliiigiza mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwongozaji wake alikuwa Erich von Stroheim, huyuhuyu anayecheza Max. Kazi ile ilivunjika katikati na Stroheim aliondolewa. Baadaye kwenye kisa, Max anapomfichulia Joe kwamba yeye alikuwa nani zamani, ujue kwamba nusu ya maneno yale hayakuhitaji kutungwa. Na wale wacheza karata "wa nta" ni Buster Keaton, Anna Q. Nilsson na H. B. Warner, majina makubwa ya filamu bubu, wakijicheza wenyewe. Ukishalijua hilo, mzaha wa Joe unakuwa mchungu mdomoni.

Baby Jane nayo imechukua vipande vya kweli, ila kwa ukatili mwingine. Mwaka 1935 wakubwa wa studio wamekaa wanaangalia filamu ya Jane na kucheka jinsi asivyojua kuigiza. Vipande vinavyochekwa ni vya Bette Davis mwenyewe, kutoka filamu zake mbili za mwaka 1933, Parachute Jumper na Ex-Lady. Yaani Davis aliruhusu kazi yake ya ujana itumike kama mfano wa uigizaji mbovu. Crawford alipata bahati zaidi: Blanche anajiangalia kwenye televisheni katika Sadie McKee ya 1934, na pale anang'ara.

Tazama pia vyombo. Norma ana projekta yake na chumba chake. Filamu zake hazionwi na mtu mwingine. Miaka 12 baadaye Blanche anajiona kwenye televisheni, na jirani wa nyumba ya pili anaangalia hiyo hiyo. Televisheni ilikuwa imewafufua waliochuja bila kuwarudishia kazi. Filamu haielezi hayo, inayaweka tu pembeni ya kisa.

Joe: mhanga au mario?

Hakuna mhusika anayegombanisha watazamaji kama huyu. Upande mmoja unasema alitekwa na mwanamke mwenye fedha. Upande mwingine unasema alijua, akala, akavaa, na alipochoka akataka kuondoka bila kulipa. Eneo la kuamua ni dukani, Norma anapomnunulia koti. Muuzaji anamnong'oneza kwamba maadamu bibi ndiye anayelipa, kwa nini asichukue lile la ghali zaidi? Mwangalie usoni William Holden, anayemcheza Joe. Anaona aibu kwa kuwa mgeni ameona, na koti linachukuliwa.

Sauti ya Joe ya kusimulia pia hulaumiwa kwa kusema mengi, na hapo wanaolalamika wana haki kidogo. Kuna mahali inaeleza tunachokiona tayari. Sehemu ya Betty Schaefer nayo, wakiandika skripti pamoja usiku, ni ya taratibu. Nancy Olson hakupewa mengi ya kufanya zaidi ya kuwa mwema. Usiizime hapo. Bila Betty, Joe hana kitu cha kupoteza, na risasi za mwisho zisingekuwa na uzito.

Malalamiko dhidi ya Baby Jane ni mazito zaidi. Dakika 134 ni nyingi kwa kisa cha nyumba moja, na maeneo ya Edwin Flagg, mpiga piano anayewinda fedha za Jane, yanavutwa mno ingawa Victor Buono anachekesha. "Mbona hapigi kelele dirishani?" Swali hilo huulizwa kila mara. Blanche anajaribu: karatasi inatupwa, simu inapigwa, kila njia inafungwa moja baada ya nyingine, na ubishi wako na skrini ndio mchezo wenyewe. Elvira, mfanyakazi wa nyumba anayechezwa na Maidie Norman, ndiye pekee mwenye akili timamu ndani ya jengo lile, na watazamaji wengi hawajaisamehe filamu kwa kilichompata.

Lugha, watoto na familia

Sunset inategemea maneno. Joe anaongea haraka, kwa misimu ya Hollywood ya miaka ya 1940, na utani mwingi uko ndani ya sentensi zake. Kama Kiingereza chako ni cha darasani, washa maandishi ya chini ya skrini hata kama ni ya Kiingereza. Ukikosa maneno ya Joe umekosa kejeli yote, utabaki na kisa cha jumba na bibi. Na hii ndiyo filamu isiyofaa kabisa kuwekewa DJ wa kutafsiri juu yake: ina msimulizi wake tayari, na wasimulizi wawili watagongana.

Baby Jane inaeleweka kwa macho. Sinia linapanda ghorofani, kifuniko kinafunuliwa, umeelewa. Mtu asiyejua Kiingereza sana ataifuata bila taabu.

Kwa watoto hapana kwa zote mbili, ila kwa sababu tofauti. Sunset ina jaribio la kujiua usiku wa mwaka mpya na mauaji ya bastola, vyote bila damu nyingi. Kwa anayeuguza kidonda cha namna hiyo nyumbani, aambiwe mapema. Baby Jane ina mateke, kufungwa kamba, nyundo, na mnyama anayeletwa mezani kama chakula. Uingereza iliipa cheti cha X ilipotoka, yaani watoto hawakuruhusiwa.

Kuandaa skrini na kupata nakala sahihi

Kosa linaloharibu Sunset kuliko yote ni kuivuta picha ijaze televisheni. Ilipigwa karibu na umbo la mraba, kwa hiyo ubavuni lazima kubaki weusi. Ukiivuta, uso wa Norma unapanuka kama umebonyezwa, na eneo la mwisho, anaposhuka ngazi taratibu kuelekea kamera za habari akidhani ni za DeMille, linakuwa kichekesho. Rudisha mpangilio wa televisheni kwenye umbo la asili. Baby Jane ni pana na inakaa vizuri kwenye televisheni za sasa.

Zima pia ule mpangilio unaolainisha mwendo wa picha. Filamu za zamani zikilainishwa huonekana kama tamthilia ya mchana. Na usiiangalie Sunset mchana dirisha likiwa wazi: mpigapicha wake, John F. Seitz, alifanya vyumba vile viwe na giza lenye vumbi hewani, na mwanga wa jua ukigonga kioo utabaki na vivuli tu. Baby Jane inavumilia mwanga zaidi, ila sauti yake iwe juu. Vitisho vingi vinaanza na kengele ya Blanche inayolia ghorofani.

Ukitafuta kwa jina, kumbuka kwamba kwenye filamu yenyewe jina limeandikwa kwa kifupi, Sunset Blvd., limechorwa ukingoni mwa barabara. Hakikisha mwaka 1950 na jina la Gloria Swanson, maana tangu 1993 kuna mchezo wa jukwaani wa nyimbo wa Andrew Lloyd Webber wenye jina hilo, na video zake ni nyingi. Baby Jane nayo ina toleo la televisheni la 1991. Unayoitaka ni ya Davis na Crawford.

Kingine ni kuichanganya Sunset na All About Eve. Hiyo ni filamu inayohusu ukumbi wa maigizo, si Hollywood, ilitoka mwaka huohuo na ikaipiku kwenye Oscar ya filamu bora. Davis, aliyeigiza katika All About Eve, na Swanson walishindania tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka ule. Akaichukua Judy Holliday.

Basi uchague ipi?

Kama ni usiku mmoja tu na uko peke yako au na mtu mmoja anayependa kuzungumza baada ya filamu, chukua Sunset Boulevard. Ni fupi kwa dakika 24, imeandikwa vizuri zaidi, na ukiirudia unaona vipya. Kama sebule imejaa mashemeji na binamu, wengine wakiingia na kutoka, Baby Jane itawashika. Mpenzi wa mapambo na nguo ana sababu kwa zote: Sunset ilipata Oscar ya mandhari, pamoja na za uandishi na muziki, na ile moja ya Baby Jane ilikuwa ya mavazi.

Ukitaka zote, anza na ya 1950, upumzike angalau siku moja. Miisho yao inafanana, mwanamke kazungukwa na watu wanaomkodolea macho naye akidhani wamekuja kumshangilia, na ukiziunganisha usiku mmoja ya pili itaonekana kama imeiga.

Zipo njia nyingine ikiwa hizi mbili hazikufai. Asiyependa kuona mwanamke akidhalilishwa kwa umri wake, The Artist ya 2011 ina mwanamume aliyechuja kwa sababu ileile ya sauti kuingia. Ni dakika 100, nyeusi na nyeupe, karibu yote bubu, na inaishia kwa furaha. Wilder mwenyewe aliirudia mada hii mwaka 1978 katika Fedora, akiwa tena na William Holden. Ina rangi na ina baridi, na ni ya aliyekwisha kuipenda Sunset, si ya kuanzia. Waliokulia filamu za Kihindi, na pwani yetu hao ni wengi, watakaa vizuri zaidi na Kaagaz Ke Phool ya Guru Dutt, ya 1959: anayechuja ni mwongozaji, nyota anayepanda ni Waheeda Rehman, na nao mwanzo wake ni mzee anayerudi studio na kukumbuka. Inahitaji uvumilivu, lakini wimbo wa Geeta Dutt katika miale ile ya mwanga studioni unalipa kila kitu. Ilipotoka ilianguka sokoni.

Anayetaka mapenzi na nyimbo za Marekani achukue A Star Is Born ya 1954, Judy Garland akipanda na James Mason akishuka. Hapo angalia urefu wa nakala. Ilizinduliwa ikiwa na dakika 181, studio ikaikata hadi 154, na mwaka 1983 ikarudishiwa sehemu zake kufikia 176. Tafuta hiyo ya 176. Baadhi ya vipande vilivyopotea havikupatikana, zikabaki sauti zake tu, kwa hiyo kuna dakika ambazo waigizaji wanaongea huku skrini ikionyesha picha zilizosimama. Usichomoe flashi ukadhani imeharibika. Vuta subira, zitaanza kutembea tena.